Kigoda cha Saba

Siku ile, ndani ya ghala la Ngokolo, tulikuwepo hawa: Bibi yangu mzaa baba, aliyetoka Songwa na viatu vya kuazima vilivyombana, Baba Mdogo Masunga, mdogo wake marehemu baba, mchimbaji wa dhahabu kule Geita, Shangazi Holo, dada yao, aliyeolewa Mwadui, Bi Rukia, mwenye maonyesho, Fundi Saidi, aliyemyeyushia vyuma, mdogo wangu Maduhu, aliyekuwa darasa la nne, Milembe, kitinda mimba wetu, aliyeng'oka meno ya mbele, na mimi Nkwimba, mkubwa wao. Wageni walikuwa wengi na sikuwajua, isipokuwa mama mmoja wa miwani kutoka Dar es Salaam ambaye sikumsahau kamwe. Mama yetu hakuwepo. Alikuwa amezikwa tangu kabla ya mvua. Lakini kigoda chake kilikuwepo, na ndicho kilichotukusanya.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Karibu na ninapopikia uji na chapati hapa Songwa, vijana wamefungua uani karakana ya kutengeneza sufuria. Wanayeyusha sufuria kuukuu na vipande vya injini juu ya mkaa, wanamimina kwenye mchanga uliochanganywa na oili chafu. Harufu yake hukaa kooni kama neno ambalo mtu ameshindwa kulitoa. Siku ya kwanza ilipovuka ukuta nilikuwa nasukuma chapati, na mikono ikasimama yenyewe. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama Uji, vipi, umemwona mkweo?" Nikacheka naye. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimerudi Ngokolo, mtoto wa darasa la saba, nikisikia moto ukiunguruma nyuma ya ukuta.

Kilikuwa kigoda kifupi cha miguu mitatu, cha mninga, kilichochongwa kutoka gogo moja bila msumari. Upande mmoja kilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta ya nyuki. Katikati kilikuwa kimebonyea na kung'aa kwa kukaliwa. Mama alikichukua kutoka Songwa alipomfuata baba machimboni, na baba alipofukiwa na duara, yaani shimo lao la dhahabu, kigoda ndicho kilichotulisha. Mama alikaa juu yake tangu asubuhi hadi jua linapopinda, kinu cha chuma katikati ya magoti, mchi uliotokana na ekseli ya gari mikononi, akitwanga mawe ya watu mpaka yawe unga. Vumbi lilimganda kwenye kope akawa kama bibi kizee. Nilipotoka shule nilimtafuta kwa masikio. Wanawake walikuwa wengi pale, na kila mmoja alitwanga kwa namna yake. Wa mama ulikuwa mdundo mmoja mzito, miwili myepesi, kisha kimya kidogo cha kuvuta pumzi. Baadaye kimya kile kikarefuka, kikaingiliwa na kikohozi.

Sisi watoto tulikatazwa kukikalia kigoda kile hata kwa mzaha. Nilidhani ni kwa sababu ya ufa. Kumbe katika ukoo wetu bibi harusi hapokelewi sebuleni; mama mkwe humpeleka jikoni, humshika mabega yote mawili na kumkalisha kwenye kigoda mbele ya mafiga. Akishakalishwa, jiko ni lake, na watoto watakaokula hapo ni wake, wala hakuna wa kumwinua, isipokuwa ainuke mwenyewe ili mwingine akalishwe. Akifa, kigoda hupinduliwa, miguu juu, hadi mkubwa wa nyumba amkalishe mwingine. Haya yote niliyajua vipande vipande, kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa.

Jambo jingine nililolijua lilikuwa la rangi. Kabla mama hajazidiwa, watu wa kupima ardhi walipita mtaani kwetu machimboni na kopo la rangi, wakaipiga nyumba yetu alama ya X nyekundu. Nilimuuliza mama maana yake. Akasema, "Maana yake hapa pamekwisha." Hazikupita siku nyingi, tingatinga likaja, na nikauona ukuta niliouegemea tangu nizaliwe ukilala chini kama mtu aliyechoka. Tangu hapo, kwangu nyekundu iliyobandikwa juu ya kitu haikuwa rangi. Ilikuwa amri.

Tukarudi Songwa kwa Bibi, mama akiwa anabebwa. Huko ndiko alikofia. Matanga yalipoanuliwa, Bibi alikipindua kigoda kando ya ukuta wa jiko, akasema atamkalisha mtu baada ya mavuno, akili zikitulia.

Kabla ya mavuno akaja Bi Rukia. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa pamba wa Ngokolo, watu waliotoka pwani miaka mingi nyuma, na yeye alikuwa amesomea sanaa mbali. Aliendesha gari dogo lililojaa vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavitupa: karai lililotoboka, kandambili zilizofungwa kwa waya, taa ya kichwani iliyokufa, ndoo isiyo na mkono. Alizunguka kwa familia za wachimbaji akisema, "Nataka vitu vilivyochoka." Bibi alikuwa shambani. Baba Mdogo, aliyekuja kwa ajili ya shauri letu, akamwonyesha kigoda.

Bibi aliporudi aliona doa tupu kwenye vumbi.

"Masunga, kigoda kiko wapi?"

"Nimemwazima yule mama wa mjini. Ni kiti tu, mayu, atakirudisha," akamjibu mama yake.

Bibi alitua jembe lake. Aliketi chini akachambua choroko hadi giza likaingia. Sasa naelewa. Kigoda kisipokuwepo, hakuna wa kukalishwa, na asipokalishwa mtu, watoto ni wa kugawanywa.

Na kutugawa ndiko kulikomleta Baba Mdogo. Niliyasikia kupitia ukuta: Maduhu angekwenda naye Geita akajifunze kazi, Milembe angechukuliwa na Shangazi Holo Mwadui, mimi ningepelekwa Mwanza kwa watu waliotaka msichana wa kulea mtoto. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Mikono yake ndiyo iliyomfukua baba. Alikuwa na watoto wake wanne na duara lililokauka, na alikuwa amekwisha kupiga hesabu zote akashindwa. Maduhu aliposikia habari ya Geita alianza kulala akiwa ameshika upindo wa gauni langu. Alikuwa anaogopa mashimo; hata kisimani alichungulia kwa mbali.

Siku ya maonyesho iliwafaa wakubwa. Bi Rukia alikuwa amewaalika wote waliomwazima vitu, na pilau ingekuwepo, na stendi ya mabasi haikuwa mbali; tungeagania hapo hapo. Sisi watoto tukala kiapo cha kimya kimya cha kutolia, tukafunga nguo zetu kwenye mifuko mitatu ya salfeti. Mitatu, wakati siku zote tulikuwa tunatumia mmoja.

Ghala lilikuwa la marehemu baba yake Bi Rukia. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, lakini harufu ya pamba na magunia ilikuwa bado imo, na nyuzi nyeupe zilining'inia kwenye mabati. Nilidhani ni duka. Kisha nikaona ile ndoo isiyo na mkono imewekwa peke yake juu ya sanduku jeupe, inamulikwa kwa taa, na watu waliovaa vizuri wanaizunguka taratibu kama wanaotoa heshima za mwisho. Shangazi Holo akaninong'oneza, "Hawa wamerogwa. Kwangu ninazo nne za hivi, mbona hawaji?"

Kigoda cha mama kilikuwa katikati ya ghala, juu ya jukwaa la chini. Kimezungukwa na vigoda vingine vya alumini vilivyong'aa kama samaki, vyenye miguu mitatu kama chake, vimebonyea pale pale alipokuwa akikaa mama. Nilipiga magoti nikaangalia upande. Ufa ulikuwepo. Kwenye kila kimoja, ufa uleule.

Milembe akaziba mdomo. "Dada, kigoda cha mama kimezaa."

Maduhu alikuwa amelala kifudifudi anasoma namba zilizochongwa chini ya kila kimoja. Alikuwa hodari wa hesabu. Akaja kunishika mkono, uso umemsawijika. "Dada, wameandika moja ya saba. Hiki hapa ni mbili ya saba. Ni sehemu." Akameza mate. "Mama naye wamemgawa."

Nilimwambia aache ujinga, lakini nilitaka kujua zaidi. Nikamfuata Fundi Saidi, mzee mwembamba mwenye makovu ya kuungua mikononi, aliyekuwa anaingia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kila alipoufungua, moto ulisikika unaunguruma, na ile harufu iliingia.

"Shikamoo, babu. Hivi vya chuma ni vya nani?"

"Marahaba. Vya Bi Rukia. Viko sita, cha saba nakimimina leo leo mbele ya wageni."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ameahidi havitazidi saba. Anayepata, anajua duniani wapo wenzake sita tu."

"Na hiki cha mama yangu?"

Alikitazama, akajifuta jasho kwa mkono. "Hicho kinatoka sasa hivi kwenda uani. Baada ya hapo, kazi yake itakuwa imekwisha."

Akaenda kuangalia moto. Niliporudi kwenye jukwaa nilimkuta yule mama wa miwani anaongea na Bi Rukia, wote wanatabasamu. Bi Rukia akatoa karatasi yenye vidoa vya kunata, akabandua kimoja, akakibandika kwenye kibao kilichokuwa mbele ya kigoda cha mama. Kidoa kilikuwa chekundu.

Sikujua kwamba katika maonyesho ya namna ile kidoa chekundu humaanisha kazi imekwisha kupata mnunuzi, na kwamba kilichonunuliwa ni kile cha saba, si kigoda cha mama. Sikujua kwamba kigoda kingepelekwa uani ili kikandamizwe mchangani, kiache umbo lake, kisha kirudi kizima. Nilichokijua ni nyumba yetu na tingatinga. Niliona moto, niliona nyekundu, nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba kazi yake itakwisha. Nikatazama kule mlangoni. Baba Mdogo alikuwa anaangalia saa, mifuko mitatu miguuni pake. Kila kitu kilikuwa kinaondoka kwa mara moja.

Fundi Saidi akaja, akiwa amevaa glavu, akainama kukichukua.

Nikapanda jukwaani nikakaa.

Nakumbuka ubaridi wa mti ule mapajani, na namna ulivyonipokea, kama uliokuwa na nafasi yangu tayari. Nakumbuka nilivyoshika kingo zake kwa mikono miwili, kidole kimoja kikaingia kwenye ufa. Fundi Saidi alibaki ameinama, hajui la kufanya. Wageni wakasogea. Kisha simu zikainuliwa, nikasikia mtu anauliza, "Hii nayo ni sehemu ya maonyesho?" na mwingine akajibu kwa uhakika mkubwa kwamba ndiyo.

"We Nkwimba!" Shangazi Holo alisema kwa meno. "Shuka hapo! Watu wanatutazama!"

"Waache watazame."

"Mwanangu," Bi Rukia akachutama mbele yangu, sauti yake ya upole lakini shingo imemsimama mshipa, "chuma kimekwisha kuyeyuka. Hakingoji. Nipe mara moja tu, nitakurudishia."

"Mtakichoma."

"Nani kakwambia? Wallahi hakichomwi."

"Mmekibandika nyekundu."

Akageuka kukitazama kidoa, akanitazama mimi, na nadhani hakuelewa hata chembe. Baba Mdogo alikuwa amefika. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeogopa kidogo.

"Nkwimba, inuka. Basi la Mwanza linaondoka."

"Sitoki."

Akanyoosha mkono anishike. Maduhu akaruka akanikumbatia shingo kwa nyuma, na Milembe, ambaye hakuelewa chochote ila alipenda kuwa tulipo, akaketi juu ya miguu yangu. Mkono wa Baba Mdogo ukabaki hewani.

Ndipo nikasikia viatu vya kuazima. Bibi alikuja polepole, watu wakimpisha, mpaka mbele ya jukwaa. Akanitazama muda mrefu. Nilijua nimevunja mwiko, nikasubiri kofi.

"Amekaa," Bibi akasema.

"Mayu, huyu ni mtoto, hajui alifanyalo," Baba Mdogo akajibu haraka, na hapo nikajua kwamba yeye ameelewa, na kwamba jambo nililolifanya lilikuwa kubwa kuliko kiti.

"Mama yao alipokaa alijua? Nilimkalisha analia, anataka kurudi kwao."

"Lakini ulimkalisha wewe! Huyu kakaa tu mwenyewe. Kukaa si kukalishwa."

Alikuwa na haki. Hata Shangazi Holo aliitika kwa kichwa.  Wasiojua kitu chochote cha kwetu nao walikuwa wameshusha simu. Bibi alivua viatu vya kuazima, kimoja, kingine, akavisukuma pembeni. Akapanda jukwaani kwa miguu yake mitupu. Akamwondoa Maduhu shingoni kwangu bila ukali, akaweka viganja vyake mabegani mwangu. Vilikuwa vizito kama udongo uliolowa. Akanikandamiza chini, mara moja, kwa nguvu zake zote, mpaka miguu mitatu ya kigoda ikalia kwenye mbao.

"Haya, Masunga. Sasa nani amemkalisha?"

Baba Mdogo alivua kofia. Alitafuta pa kutazama akapakosa, mwisho akanitazama mimi, na hakunitazama kama mtoto tena. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu uliyemkuta nyumbani kwake.

"Utawalisha nini?"

"Tulichokula jana."

"Na shule je? Umejua kwamba umeiacha leo?"

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimekaa ili kigoda kisichomwe. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu, na kalamu yangu mpya ilikuwa ndani ya mfuko mmojawapo miguuni pake. Viganja vya Bibi vilikuwa bado mabegani, havisukumi tena, na nikafahamu kwamba alikuwa ananingoja mimi. Kukalishwa kumbe kuna kitu ambacho mkalishaji hawezi kukufanyia.

"Nimejua," nikasema.

Baba Mdogo akarudi mlangoni. Akaifungua mifuko miwili midogo, akazisukumia nguo zote zilizokuwamo ndani ya ule wangu mkubwa, akaufunga. Kisha akatoka nje akasimama juani peke yake. Shangazi Holo akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema kwa sauti ya kugomba, "Sasa hiyo pilau iko wapi? Ama tumekuja kutazama ndoo?"

Bi Rukia alieleweshwa na Bibi, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma, kwamba kigoda chenye mtu hakiazimwi. Alisikiliza akiwa amejishika kiuno. Kule nyuma chuma kilikuwa kimeanza kuganda kwenye chungu cha kuyeyushia. Fundi Saidi alikuja kumwambia, naye akamnyamazisha kwa kiganja. Vigoda sita vilikuwa vimechongwa namba zinazosema viko saba, na cha saba kilikuwa kimekwisha kuahidiwa yule mama wa miwani. Nilimwona Bi Rukia anavyoumia. Ilikuwa kazi ya miaka yake, na ilikuwa imeng'oka jino moja mbele ya watu aliotaka waione nzima.

Alikaa sakafuni, gauni zuri na vumbi la pamba.

"Sikiliza, binti. Sitakupokonya. Lakini nimesema saba mbele ya watu, na mimi si mwongo. Cha saba nakudai wewe. Siku utakayosimama hapo, kabla hajakaa mwingine, niletee. Tutawasha moto."

"Sawa, Bi Rukia."

"Sawa tu? Niambie inshallah."

"Inshallah."

Akakibandua kile kidoa chekundu kwenye kibao, akakibandika upande wa chini wa kigoda, palipofichika. Kimo mpaka leo, kimefifia kuwa rangi ya chai.

Sikurudi shule. Nilitwanga mahindi ya watu, nikasomba maji, nikajifunza uji. Maduhu hakuingia shimo lolote. Anafundisha hesabu shule ya msingi, na akiandika sehemu ubaoni, anasema, mkono humsita kidogo kwenye moja ya saba. Milembe alisoma uuguzi, akapata kazi, akaolewa. Baba Mdogo alikuja kila mavuno na gunia begani, akapiga hodi jikoni kama mgeni hadi alipofariki. Bibi tulimzika upande wa mama. Fundi Saidi pia ametangulia, na Bi Rukia amekuwa mzee, lakini kila baada ya Ramadhani hunipigia simu. Hadai. Huuliza habari za wadogo zangu, kisha anasema, "Bado umekaa?" Nami hujibu, "Bado."

Sasa Maduhu analeta mchumba baada ya mavuno haya. Nimemwona; ni binti mcheshi, mwenye mikono ya kazi. Bibi hayupo, kwa hiyo ni mimi nitakayemshika mabega. Hapo ndipo ilipo nafasi ya kumimina cha saba, ndogo kama ufa wa kigoda: niwe nimesimama, naye awe bado hajakaa. Bi Rukia nimekwisha kumweleza. Akasema wale vijana wa sufuria jirani yangu watatosha, mchanga ni mchanga, yeye atakuja na gari. Nimtajie siku tu.

Sijaitaja. Kila alfajiri naamka nikisema leo nitakipindua, miguu juu, nimpigie. Kisha kuni zinahitaji kupulizwa na maji hayajachemka. Navuta kigoda mbele ya mafiga, nakaa nipulize moto kidogo tu kwanza, na ule mti unanipokea palepale uliponipokea siku ile. Harufu ya alumini inavuka ukuta. Nainusa, namkumbuka niliyempa ahadi, naye ananidai kigoda, na sisimami.